Makombe ya Droo ya Saba

Alhamisi baada ya adhuhuri Madam Sheikha aliteremka ngazi za chuma kutoka ofisini kwake, karatasi mkononi, akasimama katikati ya ghala na kuwasomea wafungaji mizigo jambo ambalo hawakulazimika kulijua. Ndivyo alivyokuwa. Mabosi wengine wa maghala ya Ras Al Khor waliwaambia watu wao kreti iende wapi na iinuliwe na watu wangapi, khalas. Yeye alitaka mtu ajue alichobeba.

Alikuwa mwenyeji wa Dubai, mkuu wa masomo katika maonyesho yatakayofunguliwa Jumapili. Mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo alipozungumza na watu wa Afrika Mashariki hakuhitaji Kiingereza.

"Kabati hili lina miaka mia mbili na arobaini," alisema. "Alilitengeneza mwalimu mmoja katika mji mdogo wa Ulaya, aliyefundisha watoto wa wafuma nguo. Zama zile makumbusho makubwa yalikuwa yameanza kusema milango i wazi kwa kila mtu. Yalisema tu. Ukitaka kuingia uandike barua, ungoje kibali, na ukishaingia unaswagwa chumba hadi chumba kama mbuzi. Mwalimu huyu akaona, kama elimu ni ya watu wote, basi asiyejua kuandika barua ataingia vipi? Akafungua mlango wa nyumba yake kila Jumatano. Kila droo ya kabati ni somo moja. Na kanuni ilikuwa moja: mtoto haambiwi jina la kitu mpaka aseme kwanza anachokiona."

Akageuza karatasi.

"Chukueni droo ya saba, ya makombe ya baharini. Yako sitini na manne, safu nane za manane. Hayakupangwa kwa uzuri wala kwa ukubwa. Kila kombe linatofautiana na la kabla yake kwa jambo moja tu. Mtoto anaanza na la kwanza, anatafuta kilichobadilika, anakwenda la pili, hivyo hivyo mpaka la mwisho. Akifika huko amejifunza kutazama. Kombe moja likihama, somo limekatika."

Nyuma ya rundo la sponji Ummulkheir, mmoja wa wafungaji, aliweka mkasi chini.

Kreti ya droo ya saba ilifunguliwa Jumanne. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kupimia unyevu, na kadi hiyo, ambayo inatakiwa iwe ya buluu, ilikuwa imegeuka waridi: unyevu umeingia. Ikiwa hivyo, vitu hutolewa, sponji hubadilishwa, kisha vitu hurudishwa. Kazi ile alipewa Ummulkheir, kwa sababu kati ya wafungaji wote mikono yake ndiyo iliyokuwa myepesi. Aliingia kampuni ile akiwa mfagiaji, na ilimchukua miaka mitatu ya kuwatazama wenzake mpaka aaminiwe kushika kitu chochote.

Alitoa makombe moja moja, akayalaza juu ya blanketi. Alipaswa kuyalaza kama yalivyokaa. Lakini baba yake alikuwa akiwauzia watalii makombe kule Shimoni, pwani ya Kenya, na tangu ana miaka sita Ummulkheir alikuwa akikaa sakafuni akichambua kwa daraja: makubwa kwanza, ya kati, madogo, na mabovu kando. Jumanne ile mikono ilifanya kazi ya zamani bila kumuuliza mwenyewe. Aliporudisha makombe kwenye droo akarudisha kwa daraja vilevile: makubwa safu ya mbele, mabovu safu ya nyuma kabisa. Akaitazama, akaona imependeza. Tena alijisifu moyoni.

Mazoea yana taabu.

Madam alipopanda ofisini, Ummulkheir alimwendea Lukman, msimamizi wa ghala, Mganda wa Mbale aliyekuwa akiishi kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah na kujua jina la kila dereva wa foklifti wa eneo lile. Akamweleza yote. Lukman alisikiliza, kisha akatazama juu ya mabega yake yote mawili.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi hakuna anayejua. Bi Ummu, makombe ni makombe. Jumamosi saa sita mafundi wanakuja kufunga kioo juu ya ile droo. Kikishafungwa hakifunguliwi mpaka maonyesho yaishe. Miezi mitatu. Nani atajua?"

"Watoto."

"Watoto wataona makombe mazuri, watapiga picha, watakwenda kula sandwichi."

Trinah, askari wa mlangoni, alikuwa amesogea kwa kisingizio cha kujaza maji chupa yake. Alikuwa Mganda pia, lakini wa Kabale, mama wa watoto wawili aliowaacha kwa dada yake, na hakuna neno lililosemwa ghalani likampita.

"Lukman, wewe ulifukuzwa shule darasa gani?" aliuliza.

"Sikufukuzwa. Niliondoka mwenyewe."

"Ndiyo maana."

Ummulkheir hakucheka. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Yaliyobaki aliyaokota: Kiarabu cha madrasa alikinyoosha jikoni kwa watu, Kiingereza alikisoma kwenye maandishi ya makreti. Alichokuwa akikifikiria ni yule mwalimu. Mtu yule alikaa, pengine miaka, akageuza kombe hili na lile mpaka akapata safu ambayo mtu asiyejua kusoma angeweza kuisoma. Naye Ummulkheir, ambaye droo ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama yeye, ndiye aliyeivuruga kwa dakika arobaini.

"Nakwenda kumwambia," alisema.

"Utarudishwa kwenye ufagio," Lukman alimwonya, safari hii bila mzaha. "Na mimi niliyekupa ile kazi nitaulizwa."

"Nitasema ni mimi. Na ni mimi kweli."

Alipanda ngazi. Hakuna aliyejua kama alikuwa anasoma dua au anahesabu vipandio.

Madam Sheikha hakupandisha sauti. Aliweka kalamu chini na kumuuliza swali moja: "Umeyapanga vipi?"

"Kwa daraja, madam. Kama dukani kwetu."

"Uliona lini kuwa umekosea?"

"Ulipokuwa unasoma."

Madam alifungua kompyuta. Katika ripoti ya safari mlikuwa na picha moja tu ya droo ile, imepigwa kwa pembeni. Safu ya mbele, ya karibu na kishikio, ilionekana wazi. Safu saba za nyuma zilikuwa ukungu. Karatasi iliyotandikwa chini ya droo ilikuwa mpya, haina alama ya kitu kilikaa wapi. Namba ndogo za wino juu ya makombe zilikuwepo, lakini hazikusaidia: ziliandikwa miaka mia moja baada ya mwalimu kufa, na karani ambaye naye alianza na makubwa. Huko kwenyewe Ulaya ofisi zilikuwa zimeshafungwa kwa sikukuu yao, na mpaka Jumatatu hakuna atakayejibu.

"Sikiliza," alisema Madam. "Jumamosi saa sita nafunga kioo. Droo ikiwa sawa, itaonyeshwa. Isipokuwa sawa naifunika kitambaa, na walimu wataruka somo la saba. Bora watoto wakose somo kuliko kufundishwa uongo. Na haya uliyonambia nayaandika kwenye ripoti, ikiwa droo itapona au haitapona. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu. Naomba Ijumaa yangu ya mapumziko nije."

"Utajuaje? Hujasoma mambo ya makombe."

"Sijasoma. Lakini umesema aliyapanga ili asiyesoma aweze kuyafuata. Nitatazama."

"Safari hii vitu havishikwi na mtu mmoja peke yake," alisema Madam. "Trinah yuko zamu Ijumaa. Awe shahidi wako."

Ijumaa saa mbili asubuhi Ummulkheir alitoka mtaa wa Al Twar, alikokuwa akilala chumba kimoja na wanawake wanne, akafika ghalani kabla viyoyozi havijapoza hewa. Alikuja na daftari la shule, mkasi, na penseli mbili. Hakugusa kombe hata moja. Kwanza alikata vipande sitini na vinne vya karatasi. Kisha yeye na Trinah wakapita droo nzima, na kwa kila kombe akachora umbo lake kwenye kipande na kuandika linavyoonekana. Makombe yasisumbuliwe, karatasi ndizo zitakazohama meza nzima mpaka zikae sawa, ndipo makombe yafuate mara moja tu.

"Una akili ya kufungua duka," alisema Trinah.

"Baba ndiye aliyekuwa na duka. Ona limenifikisha wapi."

Safu ya kwanza waliipata kwenye picha. La kwanza lilikuwa kombe bapa kama kofia ya mtoto. La pili lilikuwa kofia hiyohiyo, ila ncha imeinamia upande. La tatu ncha ilikuwa imeanza kujikunja. La nne mkunjo ulizidi. Mpaka la nane, kofia imekuwa konokono kamili. Ummulkheir alipoona hivyo alihisi kama mtu aliyeshikwa mkono gizani. Mwalimu alikuwa anazungumza, na alikuwa anazungumza polepole.

Shida ilianza safu ya pili.

"Sasa hapa linafuata tondo," alisema.

Trinah aligonga meza kwa kalamu. "Umetaja jina."

"Lakini ni tondo."

"Mimi sijui tondo. Kwetu ni milima, mama. Bahari nimeiona mara ya kwanza hapa Dubai, tena kupitia dirisha la basi la kampuni. Nambie unaona nini."

Ummulkheir alilitazama kombe tena. Aliona tondo. Aliona supu ya tondo, aliona mkono wa mamake ukichokoa nyama kwa pini. Ilimchukua muda kuona kitu kilichokuwa mbele yake. "Naona... mkunjo umepanda juu. Mdomo ni wa duara. Ngozi ni laini."

"Basi hii ndiyo ndugu yake," Trinah alisema, akisukuma kipande kingine. "Imepanda juu, mdomo duara. Ila hii iko na mistari."

Kwa baba yake, haya mawili yasingekaa hata kwenye kikapu kimoja. La kwanza lilikuwa la kula, la pili la kuuza. Lakini Trinah alikuwa na haki. Laini, kisha yenye mistari. Kisha yenye mistari iliyoinuka ikawa matuta. Kisha matuta yaliyokatika yakawa vifundo. Kisha vifundo vilivyochongoka vikawa miba.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Ummulkheir alitaja majina, Trinah aligonga meza. Kufikia adhuhuri meza ilikuwa imegongwa mara thelathini na moja, kwa hesabu ya Trinah, na vipande vya karatasi vilikuwa vimejaza safu tano.

Baada ya sala ya Ijumaa Lukman aliingia amevaa kanzu, akasema amefuata ndala zake. Ndala zilikuwa miguuni. Hakuna aliyemuuliza. Alivuta kiti, akakaa kwa mbali, halafu kwa karibu, halafu akaanza kutoa maoni.

"Hilo lenye madoa liwe mwanzo. Ni zuri."

"Hatupangi kwa uzuri," walimjibu wote wawili.

Walikuwa wamekwama. Upande mmoja wa meza palikuwa na karatasi za makombe marefu, yenye ncha iliyojikunja na mdomo mwembamba lakini ulio wazi. Upande wa pili palikuwa na za kauri, kundi zima: zimeviringika kama yai, hazina ncha, mdomo umekunjwa kwa ndani na kuota meno. Kutoka huku kwenda kule hapakuwa na njia. Mambo manne yalikuwa yakibadilika kwa pamoja, na mwalimu hakuruhusu zaidi ya moja. Walijaribu kupitia kwa yenye miba. Walijaribu kurudi nyuma safu mbili. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Lukman alileta chai ya tangawizi kutoka kwa Mhindi wa Kerala mwenye kibanda kona ya pili, na chai ikanywewa mlangoni, mbali na meza, kwa amri ya Trinah.

"Labda yeye mwenyewe alikosea," alisema Lukman. "Walimu wanakosea. Wa kwangu alikosea mara nyingi."

"Yule aliyekufukuza?"

"Trinah, nimekwambia niliondoka."

Ummulkheir alikuwa hawasikii. Alirudi kwenye droo, akainama juu yake bila kugusa, akatazama kombe moja moja kuanzia mwanzo, kama hajawahi kuyaona. Alifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu Trinah alisimama pembeni yake na kuelekeza kidole safu ya nyuma kabisa, ile ambayo Ummulkheir aliijaza mabovu.

"Na hii takataka, mama? Hatujaipangia mahali. Nilidhani imevunjika."

Lilikuwa kombe jepesi, rangi ya chai ya maziwa, bila doa wala mng'aro. Ummulkheir alilitazama na moja kwa moja akasikia sauti ya baba yake: hilo bichi, tupa.

"Halijavunjika," alisema. "Ni changa tu. Ni dondo hilo, ila..."

Trinah aligonga meza.

"Ngoja," alisema Ummulkheir. "Ngoja, usigonge. Hili jina nalitaka."

Dondo lilikuwa ile kauri kubwa yenye madoa aliyoitaka Lukman. Washonaji wa kofia kwao hulisugua juu ya mishono ili ilale. Lakini hakuna dondo linalozaliwa na madoa wala na meno. Likiwa changa huwa jembamba kama ganda la yai, mdomo wake wazi, na nyuma lina ncha ndogo iliyojikunja kama ya konokono yeyote. Likikua ndipo linakunja mdomo na kuifunika ile ncha. Kila mchambuzi wa Shimoni anajua hivyo, na ndiyo maana analitupa: mtalii hanunui dondo lisilofanana na dondo.

Akaeleza hivyo, polepole, kwa wenzake wawili na kwa nafsi yake. Akachukua kipande cha karatasi cha lile changa, akakiweka mwishoni mwa yale marefu. Ncha imejikunja: sawa. Mdomo mwembamba na wazi: sawa. Kilichozidi ni tumbo tu, limeviringika. Jambo moja. Kisha kutoka kwa lile changa kwenda kwa ndugu yake wa safu ileile ya mabovu: tumbo lilelile, ila mdomo umeanza kukunjika. Kisha ncha imefunikwa. Kisha meno.

Lukman alisogeza kiti chake mpaka ukingo wa meza.

"Kwa hiyo," alisema Lukman, "miaka yote hiyo baba yako alikuwa anatupa daraja, anauza ng'ambo mbili za mto."

"Hakuwa na mtu wa kumvusha," Ummulkheir alijibu. "Alikuwa na watoto wa kulisha. Shika upande ule wa meza, usitikise."

Saa kumi na moja jioni walikuwa na sitini na moja. Waliyahamisha makombe yenyewe, Ummulkheir akishika, Trinah akisoma namba za nafasi kwa sauti. Matatu yalibaki. Kila moja lingeweza kukaa mahali pawili, moja hata patatu, na kila mahali palikuwa na hoja yake. Ummulkheir alijaribu tena na tena. Kisha akayalaza matatu hayo kwenye trei, akaacha nafasi tatu tupu, akaandika kwenye daftari: *Sijui.*

Jumamosi Madam Sheikha alifika saa nne. Mafundi wa kioo walikuwa wameshakuja mapema, wamechuchumaa karibu na mlango na vinyonyo vyao vya mpira vya kuinulia kioo. Madam alilinganisha safu ya mbele na picha, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavaa glavu, lakini hakushika kitu. Alielekeza kidole tu.

"Kumi na moja kwenda kumi na mbili. Kimebadilika nini?"

"Matuta yamekatika, yamekuwa vifundo."

"Thelathini na tisa kwenda arobaini?"

"Mdomo umekuwa mwembamba. Ncha haijaguswa."

"Arobaini na moja?"

Ummulkheir alisita. "Hapo rangi. Sikupenda kutumia rangi, kwa sababu kwingine kote hakuitumia. Lakini sikupata kingine. Hapo sina hakika, madam."

Madam aliandika. Aliuliza nafasi kumi na tisa kwa jumla. Kisha akafika kwenye trei.

"Na haya?"

"Hayo sijui."

Nyuma yake Lukman alikohoa kikohozi kilichokuwa na maneno ndani yake. Jana jioni alikuwa amemsihi ajaze tu: nafasi tatu, makombe matatu, nani ataona? Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki, maana jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kazi.

"Ningeweza kuyajaza," Ummulkheir alisema. "Yangeenea. Lakini ningekuwa nafanya yaleyale ya Jumanne, kupanga ili ipendeze. Watoto watatafuta kilichobadilika na hakitakuwepo, na watadhani macho yao ndiyo mabovu."

Madam alivua glavu, akasimama akitazama nafasi tatu tupu. Fundi mmoja alitazama saa yake.

"Yakae nje," alisema Madam mwishowe. "Hapa ukingoni, chini ya kioo hichohicho. Tutayapa herufi. Na kwenye karatasi ya walimu nitaandika yaliyotokea: droo ilivurugika safarini kwa kosa la mikono yetu, imepangwa upya kwa kanuni ya mwalimu, na matatu hatujui mahali pake. Watoto waseme wanavyoona." Akamgeukia Ummulkheir. "Ripoti inabaki. Kuanzia leo hushiki kitu mpaka wenye kabati huko Ulaya watakapojibu. Hilo siwezi kukuondolea."

"Sikuomba uniondolee."

"Kesho lakini utasimama ukumbini, kwenye droo hii."

"Nifanye nini?"

"Wazuie wasiegemee kioo. Na usiseme jina la kombe lolote."

Kioo kikashuka saa sita kasoro dakika tano, na jioni ileile kabati likapelekwa ukumbini.

Jumapili shule tatu zilikuja. Watoto wengi walipita kama Lukman alivyosema: picha, kicheko, sandwichi. Lakini wengine waliinama. Msichana mmoja mwenye miwani alifika kwenye kombe la arobaini na moja, akarudi la arobaini, akaenda, akarudi, akamwambia mwalimu wake kwa Kiingereza kwamba hapa pana kasoro. Mwalimu alimwambia asonge, wenzake wanangoja. Msichana hakusonga. Ummulkheir alikuwa hatua mbili kutoka hapo, mikono nyuma, midomo imebanwa, na haikupata kumwia vigumu hivyo kunyamaza. Watoto wengine wakajikusanya. Wakabishana kuhusu herufi B mpaka mwalimu akaingia katika ubishi mwenyewe.

Jumatatu alasiri Madam Sheikha alimwita ofisini. Kwenye skrini ilikuwa picha kubwa, imetumwa kutoka kule Ulaya kwenyewe, droo nzima imepigwa kutoka juu, kila kombe wazi kama lililo mkononi. Lakini Madam alikuwa ameigeuza skrini upande wake.

"Wamejibu. Hawakufurahi, na wana haki. Mtunzaji wao atakuja wiki ijayo kufungua kioo na kusahihisha. Kuhusu wewe wameniachia mimi. Mwezi mmoja hushiki kitu. Baada ya hapo unarudi mezani, na kila unachotoa kitapigwa picha kabla hujakitoa. Lukman nimeshazungumza naye, hana neno."

"Ahsante, madam."

"Na droo. Katika yale sitini na moja umekosea manne." Madam alishika ukingo wa skrini ili amgeuzie. "Njoo nikuonyeshe."

"Naomba usinionyeshe," alisema Ummulkheir.

Madam aliacha mkono hapohapo.

"Moja nadhani nalijua. Matatu bado. Ukumbi unafungwa saa mbili, na zamu yangu imekwisha. Nipe leo na kesho niyatafute mwenyewe, kisha nitakuja unambie."

Madam Sheikha alimtazama, kisha akaifunga picha ile kwenye skrini. Ummulkheir alitoa daftari la shule mfukoni, akatafuta ukurasa usioandikwa kitu, akateremka ngazi kwenda kusubiri basi la ukumbini.